Ng'ombe Walioinyamazisha Mashine

3 Februari

Kwako Kitinda,

Sisi huku wazima, mgonjwa ni mashine. Ni kompyuta hiyohiyo inayonisomea kwa sauti, uliyoniwekea mfumo wa Linux likizo iliyopita, ukajigamba kwamba nitasahau kero zote za dunia. Juzi ilijisasisha yenyewe, ikawaka vizuri, ikanisalimu kwa ile sauti yake ya mtu aliyekula akashiba. Nikafungua kitabu cha kilimo cha kidato cha tatu. Sura ya udongo ikasomeka safi. Nikaingia sura ya mifugo: "Kila asubuhi mfugaji amkague..." Kimya. Aya nzima imemezwa. Nikashuka aya ya pili: "Maziwa ya..." Kimya.

Unaijua kazi yangu, lakini niache nilalamike kwa kirefu. Kitabu kikitoka kwa wachapishaji, hakiendi kwa wanafunzi wasioona mpaka mimi, asiyeona mwenzao, nikisikilize neno kwa neno na kukisahihisha. Ndipo Mpiga Chapa anakigeuza kuwa nukta nundu. Nikikosea mimi, shule nzima inakosea kwa vidole. Sijawahi kukosea kiasi cha kurudishiwa kitabu, na hilo nalisema kwa kifua mbele.

Basi nikapita herufi kwa herufi kwa kitufe cha mshale, nikamkamata mkosaji. Ni ng'ombe! Ikifika kwenye ng'ombe, kung'oa, kung'atwa, mashine inakata sauti mpaka mwisho wa aya. Ajabu ni kwamba nikiliandika neno hilohilo mwenyewe, inalisoma bila wasiwasi, karibu ng'ombe alie. Nadhani mafaili ya kitabu yana kasoro, au mashine ina kisirani.

Nimewaandikia watunzaji wa programu ya sauti kwenye ukurasa wao wa hitilafu, kwa Kiingereza changu cha kuombea maji. Nimejiita Sikio. Wakati huohuo Mkuu wa maktaba amekuja na kiatu chake kinacholia. "Dada, muhula unakaribia," akasema. "Wa mapokezi ana macho yake mawili, atasahihisha yeye. Wewe ukae kwenye simu mpaka mashine ipone." Nimemwomba anivumilie kidogo. Wewe ungefanyaje?

Dada yako

*

5 Februari

Dada mpendwa,

Naandika kwa simu nikiwa nimesimama koridoni, wanafunzi wangu wanafanya mtihani wa vitendo na mmoja tayari amechomoa waya usiohusika. Pole sana na mashine. Jaribu kurudisha toleo la zamani la sauti, ingawa naogopa sasisho limebadilisha vitu vingi na ukigusa kimoja vyote vitaporomoka.

Kuhusu Mkuu, umeniuliza, nami nakujibu bila kuzunguka. Ningekuwa mimi, ningewaachia wenye macho kazi hiyo, ng’ombe akitaga mayai. Kiti hicho ni chako. Nani mwingine katika jengo hilo anaweza kusikia kosa la tahajia lililojificha? Mwambie hivyo, na umwambie umeambiwa na mwalimu wa chuo.

Wasalimie wote. Nitakuandikia nikipata nafasi.

Kitinda wako

*

9 Februari

Kitinda,

Barua yako nimeipata na ushauri wako nimeusikia.

Watunzaji wamejibu. Mtunzaji mkuu ameandika kwamba amejaribu mfano niliompa na kwake umesomeka wote. Chini yake wameandika: hitilafu haionekani, ripoti imefungwa. Kama duka.

Nimehamia kwenye simu tangu jana. Wa mapokezi amekaa kwenye kiti changu, anasahihisha kwa macho. Ni mtu mzuri, hana neno, ameniuliza mara kadhaa kama sijachukia. Nimemwambia sijachukia. Wanaopiga simu wanauliza tunafungua saa ngapi.

Hukuwa na haja ya kunizungushia maneno, na kweli hukuzungusha. Lakini nilitarajia jibu hilo kutoka kwa mtu mwingine yeyote, si kutoka kwako. Wewe ndiye niliyekufundisha kusoma, kwa kukushika kidole na kukuchorea herufi kwenye unga, nikiwa mimi mwenyewe sijawahi kuiona hata moja kwa macho.

Dada yako

*

10 Februari

Dada,

Niko ofisini kwangu chuoni, kwenye kompyuta, na nimeisoma barua yako mpaka nikasimama. Jibu lipi hilo? Nilikuambia nini mimi? Nimeitafuta barua yangu, hii hapa nakuandikia tena neno kwa neno:

Ningekuwa mimi, ningewaachia wenye macho kazi hiyo, ng'ombe akitaga mayai. Kiti hicho ni chako. Nani mwingine katika jengo hilo anaweza kusikia kosa la tahajia lililojificha?

Sasa hapo kosa langu liko wapi? Kama ni utani wa ng'ombe haukukupendeza, nisamehe. Lakini usiniambie nilikuambia uondoke. Ningekatwa mkono kwanza. Nijibu leo, maana sitakula vizuri.

Kitinda

*

10 Februari, mchana

Kitinda, Kitinda, Kitinda!

Kula, mdogo wangu. Kula na ya kesho.

Barua yako ya kwanza niliisikia hivi: "Ningekuwa mimi, ningewaachia wenye macho kazi hiyo." Basi. Kisha salamu. Ng'ombe alikufa na aya yote, na mimi nikabaki na kisu kifuani. Leo barua yako ya pili imesoma mpaka mayai. Nimecheka mpaka aliyepiga simu akaniuliza kama amekosea namba.

Nilipomaliza kucheka nikaanza kulinganisha. Neno ni lilelile, mwandishi ni yuleyule, mashine ni hiihii, na hakuna kitabu cha mchapishaji hapo cha kusingizia. Mmoja amesomwa, mwingine amezikwa. Umesema ile ya kwanza uliandika kwa simu na hii kwa kompyuta. Nikazifungua zote mbili, nikaweka mshale juu ya kile kialama cha juu cha ng', kile ambacho walimu wa sarufi hukiita ritifaa. Mashine inaviita vyote kwa jina moja, ndiyo maana nilidanganyika. Nikaamrisha inipe namba ya siri ya kila kimoja, ile ambayo kompyuta inaitambua kwayo. Namba mbili tofauti! Nikamwita Mpiga Chapa aje aangalie kwa macho. "Hiki kimesimama wima kama msumari," akasema, "na hiki kimepinda kama mkia wa mbuzi."

Ndiyo hivyo. Kibodi ya kompyuta inaandika kilichonyooka. Simu yako na wachapishaji wa vitabu wanaandika kilichopinda. Sauti ya Kiswahili ikikutana na kilichopinda, inajifia. Mfano niliowapelekea watunzaji niliuandika kwa mkono wangu, kilichonyooka, ndiyo maana kwao ulisomeka. Hawakunidharau. Walijaribu kitu ambacho hakikuwa na ugonjwa.

Nimeshaandika ripoti upya. Nimewaambatanishia faili lenye ng'ombe wawili, mzima na mfu, pamoja na namba zao. Na huku nikisubiri, nimetunga amri ya mstari mmoja: inachukua nakala ya kitabu, inanyoosha kila kilichopinda, ndipo ninasikiliza. Kitabu chenyewe sikigusi. Nimeijaribu kwenye sura ya mifugo. Kitinda, wamelia wote, zizi zima!

Mkuu akija tena, nitamwomba asikilize mwenyewe.

Dada yako

*

18 Februari

Kitinda,

Barua hii ningekusomea kwa sauti yangu ingekuwa kali zaidi, kwa hiyo shukuru imeandikwa.

Mtunzaji mkuu amenijibu vizuri. Ameona ng'ombe mfu kwa macho yake, ameifungua tena ripoti yangu, ameniita "bingwa wa kuchunguza". Nilikuwa bado natabasamu nilipofika mstari wa mwisho. Anauliza: je, hii ina uhusiano na ripoti ya yule bwana aliyeandika kwamba dada yake ni kipofu, anateseka, anakaribia kupoteza kazi, na anawaomba watu wenye moyo wamsaidie?

Nikaifuata. Ni wewe. Tarehe ya siku uliyoniambia hutakula vizuri.

Umeniombea sadaka, mdogo wangu. Umeniweka mlangoni kwa watu nisiowajua na bakuli mkononi. Hukuandika hata mashine inafanya nini! Hakuna toleo, hakuna mfano, hakuna kitu ambacho fundi angeweza kukishika. Kuna dada tu, na macho yake. Mimi niliingia kwenye ukurasa ule kwa jina la Sikio ili wanijue kwa ninachosikia. Sasa wanajua nisichoona.

Sikukutuma uniombee. Nilikuuliza ungefanyaje.

Dada yako

*

19 Februari

Dada yangu mkubwa,

Sina pa kujificha, na hata ningekuwa napo nisingeenda.

Niliogopa. Ulipoandika kwamba watu wanakupigia kuuliza mnafungua saa ngapi, niliona nikikaa kimya nitakuwa nimeshiriki. Mimi ni mwalimu wa kompyuta, nafundisha watu jinsi ya kuripoti hitilafu: sema ulifanya nini, sema ulitarajia nini, sema ilitokea nini. Ilipofika zamu ya mtu wangu, niliisahau hesabu yote nikaandika machozi. Mwanafunzi angeniletea ripoti ya namna ile ningemrudishia.

Leo nimeomba ifungwe. Nimeandika chini yake maneno haya, nayo watu wote wanayaona: "Fungeni hii, mfuate ya Sikio. Yeye ndiye aliyeipata hitilafu. Mimi nilichokipata ni huruma, nayo haisaidii kurekebisha programu." Mtunzaji mkuu ameweka alama ya kidole gumba.

Nimeisoma ripoti yako kuanzia juu mpaka chini. Dada, unajua kwamba hata koma haikukaa vibaya? Chini yako ameandika mtu mmoja ambaye lugha yake ina kialama hichohicho karibu kila neno. Anasema alikuwa hana sauti tangu sasisho, na mstari wa amri uliouweka pale umempa kazi yake tena. Halafu mwingine wa lugha nyingine. Nimekaa nikasoma shukrani zinazokuja kwako kama mtu anayepokea wageni kwenye nyumba isiyo yake.

Nisamehe ukiwa tayari, si kabla.

Kitinda

*

7 Machi

Kitinda,

Nimekuwa tayari tangu Jumapili, lakini niliona uive kidogo.

Sasa sikia habari. Mkuu alipokuja na kiatu chake, nilimwomba akae. Nikamwekea sura ya mifugo, nikampa vifaa vya masikioni, nikaendelea na kazi zangu. Alisikiliza mpaka mwisho wa magonjwa ya kwato. Akavua, akakohoa.

"Mbona sijasikia kosa?"

"Kwa sababu nimeshayatoa," nikamwambia. "Yalikuwemo. Sasa nikupe na sura aliyoisahihisha mwenzangu kwa macho, usikilize."

Akasikiliza. Ukurasa wa kwanza tu, palipotakiwa "kung'oa magugu" pameandikwa "kuoga magugu". Alicheka hadi kiti kikalia. Hata wa mapokezi alicheka, masikini, akasema macho yake yalikuwa yanaona alichokitarajia, si kilichoandikwa. Akanyanyuka mwenyewe, akafuta kiti kwa kiganja, akanivutia. "Dada, karibu nyumbani. Simu zangu nimezikumbuka." Mkuu hakutamka neno la samahani, hana kipaji hicho, ila siku ya pili alimleta mgeni wake mezani kwangu akasema, "Huyu ndiye mhariri wetu." Nimeipokea hivyohivyo.

Na hao watunzaji nao wana mambo. Kabla hawajatengeneza kitu, mmoja wao, si yule mkuu, aliniuliza: kwa nini tusikiondoe kialama hicho katika Kiswahili, si mtaelewana tu? Nilivuta pumzi, nikamjibu kwa adabu zote nilizofundishwa na mama. Nikamwambia: "Ndugu, kwetu ng'oa na ngoa ni maneno mawili. Kung'oa ni kazi ya daktari wa meno. Kulia ngoa ni kazi ya jirani akiona umenunua kabati. Ukiwaletea wanafunzi wangu kitabu kinachosema daktari amemlilia ngoa mgonjwa, wataandika hivyohivyo kwenye mtihani." Hajauliza tena. Mtunzaji mkuu alijibu kwa niaba yake: "Kialama kinabaki."

Halafu wakaniletea dawa ya kwanza niijaribu kabla ya watu wote. Nikaijaribu. Mashine haikunyamaza, la, ila sasa ilitamka kila kitu: "ng ritifaa ombe". Fikiria kufuga ng-ritifaa-ombe! Nikawarudishia. Wakaleta ya pili, ikasoma vizuri ila ilikwama kwenye kung'ang'ania, ambako vialama ni viwili. Nikawarudishia. Niliona haya kidogo, nikidhani watanichoka. Mtunzaji mkuu akaandika, "Endelea kurudisha mpaka usiwe na cha kurudisha." Ya tatu nikaisikiliza siku nzima, kitabu baada ya kitabu, nikiitafutia kosa kama mama mkwe. Sikulipata.

Kitabu cha kilimo kimetoka. Mpiga Chapa amekichapa chote, nami nikapitisha vidole kwenye ukurasa wa mifugo, nundu kwa nundu. Karatasi ilikuwa bado na joto la mashine.

Wewe je, yule aliyechomoa waya amefaulu?

Dada yako

*

2 Aprili

Dada,

Alifaulu! Alichomoa usiohusika, kisha akaeleza kwa ufasaha kwa nini haukuhusika.

Toleo jipya limetoka leo asubuhi. Huenda umeshapata, lakini niache nikutangulie kwa mara moja maishani. Kwenye maelezo yake, pale wanapotaja waliofanya kazi, kuna mstari unasema: hitilafu ya ritifaa iliyopinda kwa Kiswahili na lugha nyingine imegunduliwa, imechunguzwa na marekebisho yake yamethibitishwa na Sikio. Hakuna neno kipofu. Hakuna neno dada. Nimehakikisha mara mbili.

Nimefanya jambo, na safari hii nakuambia kabla hujaligundua. Nilionyesha ripoti yako darasani, nikaifunika jina, kama mfano wa jinsi fundi anavyoandika. Tukaipitia mstari kwa mstari. Mwanafunzi wangu mmoja, yule anayebisha kila kitu, akasema, "Mwalimu, huyu lazima ni mtu wa kampuni kubwa." Mwingine akauliza kama anaweza kwenda kujifunza kwake. Nikawaambia yuko maktaba moja, anasahihisha vitabu. "Unamjua?" Nikasema ndiye aliyenifundisha kusoma. Nilitaka kuongeza mengi, Dada, maneno yalikuwa yamejaa mdomoni. Nikayameza, kwa sababu nimejifunza. Lakini walivyoniangalia, nadhani nilikuwa nimerefuka.

Uliwahi kujua kwamba ukubwa wako nautambia kwa watu?

Kitinda wako

*

19 Aprili

Kitinda,

Nilijua. Una sauti kubwa tangu mtoto, na kuta za nyumbani hazikuwa nene.

Darasani ulifanya vyema. Kuanzia sasa unaweza kutaja jina, mradi uanze na kazi ndipo ufuate undugu.

Nami nina langu. Mtunzaji mkuu ameniandikia kwamba faili la kanuni za sauti ya Kiswahili halikuwa na mwenyewe kwa muda mrefu. Aliyeliandika mwanzoni alikwenda na shughuli zake, na tangu hapo kila mtu amekuwa akiligusa kwa ncha ya kidole. Ameniuliza kama nitakubali kuwa mtunzaji wake. Ripoti zote za Kiswahili zitakuja kwangu, na hakuna kitakachobadilishwa humo bila mimi kukubali. Nilimwambia nitafikiri. Nikaenda kunywa chai, nikarudi kabla haijapoa, nikakubali. Mkuu amesema saa za mchana za Ijumaa ni zangu kwa kazi hiyo, na amemwambia kila aliyepita koridoni.

Ripoti yangu ya kwanza imeingia leo. Imetoka kwa binti anayesomea sheria, simjui, sijui yuko wapi. Ameanza hivi: "Samahani sana kwa usumbufu, mimi ni kipofu tu, sijui kompyuta, labda kosa ni langu." Kisha amezunguka, ameomba radhi tena, na tatizo lenyewe hakulisema.

Niliisikiliza mara ya pili, Kitinda. Kisha nikamjibu: "Karibu. Futa neno 'tu'. Halafu niambie mashine ilisema nini, na wewe ulitaka iseme nini."

Jibu limekuja kabla sijafunga ofisi, fupi, limenyooka kama rula: "Inasoma Ibara ya IV kama 'ibara ya ivu'. Nataka iseme 'ya nne'. Inatokea kila mara." Akaweka mfano kutoka kwenye katiba na toleo la programu yake. Nikaujaribu hapahapa, na kweli, katiba nzima imejaa majivu. Nikamwandikia: "Nimeisikia. Uko sahihi. Nalitengeneza."

Kwenye nafasi ya mtu anayeshughulikia, nikaandika Sikio.

Dada yako